Volkswagen Mbili za China na Swali Lisilo Sahihi

Tangu Ethiopia ilipotangaza mapema mwaka 2024 kwamba haitaruhusu tena kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli, magari ya umeme kutoka China yamezagaa katika barabara za Addis Ababa, na miongoni mwa yanayoonekana sana ni Volkswagen ID.4 na ID.6. Magari ya namna hiyo yanafika pia katika nchi za Ghuba, na kwa kuwa usukani wake uko kushoto, yanafaa bila marekebisho Kongo, Rwanda na Burundi, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Pamoja nayo umekuja ubishi ambao wanunuzi wa China wenyewe wameuzoea kwa miongo mitatu. Mteja anaonyeshwa magari mawili yenye nembo moja, moja likiitwa ID.4 Crozz na jingine ID.4 X, kila moja likiwa limeundwa na kampuni yake ya ubia kati ya Volkswagen na mbia wa Kichina, kisha anaambiwa kwamba moja ndilo Volkswagen halisi na jingine ni kazi ya Wachina. Ni lipi kati ya hayo mawili lililo halisi? Jibu hutegemea dalali ana gari gani uwanjani.

Msimamo wangu ni kwamba katika jozi hiyo hakuna halisi wala bandia. Jina la kampuni ya ubia iliyounda gari halijawahi kuwa kipimo kizuri cha ubora wake, kwa sababu magari pacha ya China hayakuzaliwa na tofauti ya ufundi. Yalizaliwa na sera ya viwanda pamoja na haja ya kugawana soko. Kinacholitofautisha gari moja na jingine ni maamuzi ya wahandisi juu ya modeli moja moja, na maamuzi mabaya yamefanyika pande zote mbili, kama yalivyofanyika mazuri. Hata hivyo, sera iliyozaa mapacha hao imekwisha kuondolewa, na ndiyo maana swali la kiwanda, ambalo kwa miaka 30 lilikuwa na uzito mdogo, linaanza sasa kupata uzito. Anayelijibu kwa mazoea anaweza kukosea kuhusu magari ya jana na akakosea tena kuhusu ya kesho.

Turudi nyuma kidogo. Mkataba wa ubia kati ya Volkswagen na wenyeji wake wa Shanghai ulitiwa saini Oktoba 1984, na gari lililobeba ubia huo lilikuwa Santana, sedani ya umbo la mraba ambayo Ulaya haikuwahi kung'ara lakini China ikawa teksi ya Shanghai na gari la maofisa wa serikali nchi nzima. Katika miaka ya mwanzo karibu kila kipande kilifika kwa makasha kutoka nje na kufungwa tu Shanghai, na ilichukua miaka mingi ya shinikizo hadi spea nyingi zikaanza kutengenezwa na viwanda vya hapohapo. Mwaka 1991 Volkswagen ilifunga ndoa ya pili, safari hii na FAW, kampuni ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1953 katika jiji la Changchun, kaskazini mashariki mwa nchi, na Jetta ikaanza kutoka huko. Masharti ya ndoa hizo mbili hayakufanana. Shanghai hisa ziligawanywa nusu kwa nusu, ilhali Changchun FAW inashika asilimia 60 na Wajerumani, yaani Volkswagen pamoja na Audi, asilimia 40. Kuanzia hapo Wachina wakazoea kusema Volkswagen ya Kaskazini wakimaanisha ya FAW, na Volkswagen ya Kusini wakimaanisha ya SAIC, mbia wa Shanghai.

Mwaka 1994 serikali ya China ilitoa sera ya viwanda vya magari iliyoweka masharti mawili mazito: kampuni ya kigeni isiwe na zaidi ya nusu ya hisa katika ubia wa kuunda magari, na isiwe na zaidi ya ubia wawili kwa aina moja ya magari. Nia ilikuwa kubadilishana soko na teknolojia, ili mgeni auze na mwenyeji ajifunze. Sera hiyo haikumlazimisha mgeni kuwa na wabia wawili, lakini kampuni kubwa zilizotaka kukua ziliitumia nafasi ya pili, na hapo ndipo mapacha walipopatikana. SAIC ni mali ya jiji la Shanghai, ambalo linataka kodi na ajira zake, na FAW ni mali ya serikali kuu, ambayo nayo inataka kiwanda chake kisikae bure. Ukimpa mbia mmoja modeli inayouzika, mwingine atakuuliza ya kwake iko wapi, na huyo anayeuliza ni serikali iliyokupa kibali. Volkswagen ikatatua tatizo hilo kwa kuunda karibu kila kitu mara mbili, Passat kwa Shanghai na Magotan kwa Changchun, Lavida huku na Bora kule, Tiguan kwa mmoja na Tayron kwa mwenzake, na zama za umeme zilipowadia ikawa ID.4 X na ID.4 Crozz, ID.6 X na ID.6 Crozz.

Wajapani walifuata njia hiyohiyo. Honda ilianza Guangzhou mwaka 1998 katika kiwanda ambacho Peugeot ilikuwa imekiacha, kisha ikaongeza ubia na Dongfeng huko Wuhan mwaka 2003, na leo CR-V ya Wuhan ina pacha wake Breeze wa Guangzhou, kama Civic ilivyo na Integra na Accord ilivyo na Inspire. Toyota ina FAW upande wa Tianjin na GAC upande wa Guangzhou, na kutokana na hilo Corolla ina Levin, RAV4 ina Wildlander, na Harrier, gari ambalo Dar es Salaam halihitaji utambulisho, linauzwa na FAW kwa jina hilo na linauzwa na GAC kwa jina la Venza. Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kushangazwa na mtindo huu, kwani amekuwa akiuendesha kwa miaka mingi bila kuujua. Premio na Allion zilitofautishwa ili maduka ya Toyopet na maduka ya Toyota, mitandao miwili ya mauzo ya kampuni hiyohiyo ndani ya Japani, yawe na sedani yake kila moja, na Noah na Voxy vivyo hivyo kwa maduka ya Corolla na ya Netz. Mtaani kwetu watu wamebishana kuhusu Premio na Allion, lakini sijamsikia fundi yeyote wa maana akidai kwamba moja kati ya hizo ni bandia, maana injini moja ya zile za familia ya ZZ au ZR hukaa katika zote mbili na fundi huifungua kwa spana zilezile.

Hoja dhaifu kuliko zote katika ubishi huu ni hiyo ya uhalisia. Ukiitazama ID.4 kwa nyuma, upande wa kushoto wa mlango wa buti utakuta herufi nne za Kichina, mbili za kwanza zikitaja mbia wa Kichina na mbili za mwisho zikiitaja Volkswagen, na utaratibu huo uko kwenye Crozz na uko kwenye X. Ukisoma namba ya chasisi, iliyoanza na LSV ni ya Shanghai na iliyoanza na LFV ni ya FAW. Hizo ndizo alama za kutofautisha kiwanda na kiwanda, na zote mbili zinatokana na leseni ya mwenye nembo mmoja. Chini ya mabati, magari yote mawili yamejengwa juu ya jukwaa la MEB, yaani msingi wa pamoja wa magari ya umeme ya Volkswagen, lililobuniwa Ujerumani, yote yalionyeshwa kwa umma mwishoni mwa 2020, matoleo yanayopatikana kwa wingi yana mota moja ya nyuma yenye nguvu ya kilowati 150, na urefu wake unapishana kwa takriban sentimita 2 kwa sababu ya maumbo ya bampa. Tena wanaosifu Crozz kwa kuwa ni ya Kaskazini, ati kaskazini ndiko kwenye nidhamu ya Kijerumani, wasahihishe ramani yao: Crozz haiundwi Changchun bali Foshan, mkoa wa Guangdong, ambao uko kusini zaidi ya Shanghai. Kampuni hizi zina viwanda vilivyotapakaa nchi nzima, na mwelekeo wa dira haujawahi kukaza bolti.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, ambazo zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza inahusu maslahi. Ikiwa Mjerumani anapata nusu ya faida Shanghai na asilimia 40 Changchun, je, hatapeleka kilicho bora anakopata zaidi? Ni hoja yenye mantiki, ila inapingana na imani ya mtaani inayoitumia, kwani wengi wa wanaoamini kuwa gari la FAW ni imara zaidi wangepaswa, kwa mantiki hiyo, kuamini kinyume. Hoja ya pili ni ya tabia ya kampuni. Inasemekana Shanghai, yenye uzoefu mrefu na wahandisi wake wengi, imejipa uhuru mkubwa wa kubuni upya kwa ladha ya wenyeji, na mfano unaotajwa ni Lavida ya mwaka 2008, iliyochorwa hukohuko na kupata wanunuzi wengi mno. Uhuru huo, wanasema, huja na ubanaji wa gharama katika sehemu ambazo mnunuzi hazioni.

Hoja hiyo ya pili ilipata ushahidi wake Desemba 2019. C-IASI, mpango wa upimaji wa usalama ulioanzishwa na sekta ya bima ya China, uliigonga Passat ya Shanghai katika jaribio ambalo asilimia 25 tu ya upana wa mbele hukutana na kizuizi kigumu. Nguzo ya mbele ya mlango wa dereva ilipinda, na katika jaribio hilo gari likapewa daraja la chini kabisa. Picha zake zilisambaa nchi nzima. Wanunuzi walikumbuka kwamba Magotan, pacha wake wa Changchun, imejengwa juu ya jukwaa lilelile la MQB, na ilipofika zamu yake kupimwa ilitoka na matokeo mazuri zaidi. Hapa siwezi kujificha nyuma ya kauli kwamba mapacha ni kitu kimoja. Yalikuwa magari mawili ya jukwaa moja na nembo moja, na katika ajali ya aina hiyo dereva wa moja alikuwa na kinga kubwa kuliko dereva wa jingine. Mtu akiniambia kwamba kuanzia siku ile alikuwa na sababu ya kuchagua Magotan badala ya Passat ya toleo lile, nitamwunga mkono bila kusita.

Lakini tuitazame sababu hiyo ilikuwa ni ya nini. Ilikuwa ni sababu dhidi ya Passat ya toleo lile, na wala haikuwa hukumu juu ya kila gari linalotoka Shanghai, kwani Passat iliyorekebishwa ilipimwa tena baadaye na kufanya vizuri, ikiwa ni ya kampuni ileile. Tena wanaoitumia kesi hiyo kuwa cheti cha FAW wanasahau yaliyotokea miaka 5 kabla yake. Kizazi kilichotangulia cha Sagitar, sedani ya FAW, kilikuwa na mfumo wa nyuma wenye mikono kadhaa inayojitegemea kwa kila tairi. Kizazi kipya kikaja na ekseli ya boriti moja, iliyo nafuu zaidi kuitengeneza, na wamiliki wakaanza kuripoti kuvunjika kwa mkono wa ekseli hiyo. Oktoba 2014 ilitangazwa kwamba magari yapatayo 580,000 yataitwa yarudi kwa marekebisho, na marekebisho yenyewe yakawa kuongezewa bamba la chuma, jambo lililowafanya wamiliki waandamane mbele ya maduka kwa kuwa waliona ni kiraka. Lililonivutia zaidi katika orodha ile ni kwamba Sagitar haikuwa peke yake. Zaidi ya 17,000 kati ya magari hayo yalikuwa Beetle zilizoagizwa kutoka nje, na Beetle hizo ziliundwa Mexico. Mfanyakazi wa Changchun na mfanyakazi wa Mexico hawakukutana popote, na bado gari lilipatwa na kasoro ileile, kwa kuwa kasoro ilikuwa imekwisha kuingia katika mchoro kabla haijafika kwa yeyote kati yao.

Ukiongeza na kesi ya mwaka 2013 picha inakamilika. Machi mwaka huo, baada ya televisheni ya taifa kuonyesha malalamiko ya madereva kuhusu giaboksi ya DSG yenye klachi mbili, Volkswagen iliita magari 384,181 nchini China, na ndani ya idadi hiyo yalikuwamo ya Shanghai, ya FAW na yaliyoagizwa kutoka nje. Giaboksi haikuuliza namba ya chasisi imeanza na herufi gani. Honda nayo, mapema mwaka 2018, ilisimamisha uuzaji wa CR-V mpya kupitia Dongfeng baada ya wasimamizi wa serikali kuukataa mpango wake wa kurekebisha injini ya lita 1.5 yenye turbo, iliyokuwa ikiruhusu petroli kuingia kwenye oili wakati wa baridi kali, na madereva wa Marekani na Kanada walikuwa na malalamiko hayohayo bila kuwahi kuigusa Wuhan. Kesi hizi zinaonyesha kwamba kasoro nyingi huzaliwa kwenye mchoro wa sehemu fulani na kusafiri na sehemu hiyo kokote iendako, na kwamba pale mapacha wanapotofautiana kweli, wanatofautiana katika modeli na toleo maalumu. Kanuni ya kudumu kwamba nyumba moja ni bora kuliko nyingine haipatikani humo, na mnunuzi anayetaka kujilinda atafute matokeo ya majaribio ya gari lenyewe, la mwaka wenyewe.

Kwa mnunuzi wa Bujumbura, Bukavu au Muscat, tofauti ya viwanda ina maana moja ya vitendo ambayo katika kelele za uhalisia haisikiki kabisa, nayo ni spea. Mota na mifumo mingi ya chini ya Crozz na X ni ya ukoo mmoja, lakini bampa na taa zilichorwa tofauti makusudi ili kila duka liwe na sura yake. Anayeagiza taa ya mbele kwa kusema tu kwamba ana ID.4 ana nafasi kubwa ya kuletewa isiyoingia, na katika mji ambao spea husubiriwa kwa meli, kosa hilo humgharimu mwenye gari muda mrefu wa kuegesha. Fundi aandike namba ya chasisi yote kabla ya kuagiza chochote. Kuna pia yale ambayo mapacha hawa hawatofautiani na ambayo yanamgusa mnunuzi wetu zaidi ya yote tuliyoyataja: magari yote mawili yaliundwa kwa ajili ya soko la China, yana tundu la kuchajia la kiwango cha China cha GB/T wakati Ulaya na sehemu nyingi zinazoiga Ulaya zinatumia CCS2, skrini yake huzungumza Kichina, na huduma zake za mtandaoni zimefungwa kwa China. Mengi yanatoka China kupitia wafanyabiashara wasio mawakala, mengine yakiwa mapya kabisa ambayo yamesajiliwa kwanza ili yauzwe nje kwa jina la yaliyotumika, na gari la namna hiyo haliji na dhamana ambayo wakala wa mjini atalazimika kuiheshimu. Inasikitisha kuona familia inabishana kwa wiki nzima kuhusu X na Crozz, kisha inalipa bila kuuliza italichajia gari wapi.

Hayo ni ya magari yaliyokwisha kuundwa. Yanayokuja yana hesabu nyingine. China ilianza kulegeza masharti yake mwaka 2018 kwa magari ya umeme, Tesla ikajenga Shanghai kiwanda kisicho na mbia, na tarehe 1 Januari 2022 kikomo cha hisa na kikomo cha ubia wawili vyote vikaondolewa kwa magari ya abiria. BMW ilipandisha hisa zake katika ubia wake hadi asilimia 75 mwaka huohuo, na Toyota imetangaza kwamba itajenga Shanghai kiwanda chake yenyewe cha Lexus za umeme. Volkswagen, ambayo imepoteza wanunuzi wengi kwa kampuni za Kichina kama BYD, imeongeza ubia wa tatu mkoani Anhui ambamo yenyewe inashika asilimia 75, na mwaka 2023 ikanunua sehemu ya Xpeng, kampuni ya Kichina ya magari ya umeme, ili ipate teknolojia ya mifumo ya kielektroniki. Mwenyeji aliyepaswa kujifunza sasa ndiye anayefundisha, na hilo limegeuza maana ya ubia wenyewe.

Katika maonyesho ya magari ya Shanghai ya Aprili 2025, Volkswagen ilileta magari matatu ya mfano, moja kwa kila mbia: ID. Aura kwa FAW, ID. Era kwa SAIC na ID. Evo kwa Anhui. Haya si mapacha tena. Era ni gari kubwa la familia linalobeba injini ndogo ya petroli kwa ajili ya kuichaji betri safarini, Aura ni sedani ya umeme mtupu, na Evo imelengwa kwa vijana wanaotaka gari lililojaa teknolojia ya kidijitali. Ukilinganisha magari ya namna hiyo, kujua yametoka kwa mbia yupi ni kujua mengi, kwa sababu kutakueleza ni jukwaa gani limetumika, nani ameandika programu zake na nani atakayeziendeleza. Miaka michache ijayo, magari haya yatakapoanza kufika kama yaliyotumika katika bandari zinazohudumia Kongo na Burundi, yatakuwa na nembo moja ya Volkswagen na matumbo matatu tofauti, na fundi aliyejifunza ID.4 X akadhani ameijua Volkswagen ya umeme atakuta kwamba mashine yake ya kusoma hitilafu haielewani na gari la mbia mwingine. Vyuo vyetu vya ufundi na waagizaji wetu wana muda mfupi wa kujipanga kabla ya hapo, na pa kuanzia ni kuweka kumbukumbu ya kila gari la umeme linaloingia kwa namba yake ya chasisi na jukwaa lake, badala ya jina la modeli peke yake.